Kumtafuta Mashavu-Dhahabu Kando ya Mto Pedernales: Mwongozo wa Asubuhi Moja

Kila ndege wa mashavu-dhahabu aliye hai leo alianguliwa Texas ya kati, Marekani. Hatagi mahali pengine popote. Miezi ya baridi huimalizia kusini mwa Mexico, Guatemala, Honduras hadi Nicaragua, kisha mwezi wa Machi anarudi kwenye makorongo yale yale ya mawe ya chokaa kuimba, kujenga kiota na kulea. Ana urefu wa sentimita 12 na ushee na uzito wa gramu 10 hivi. Tangu mwaka 1990 yumo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu vilima anavyovipenda yeye ndivyo hivyo hivyo wanavyovitaka wajenzi wa nyumba wa Austin na San Antonio.

Jina la Kiswahili hana, kwa hiyo hapa tunamwita kwa sura yake. Kwenye mabango ya hifadhi na kwenye programu za simu utamkuta kama Golden-cheeked Warbler, na wataalamu humwandika Setophaga chrysoparia.

Hifadhi ya jimbo ya Pedernales Falls ni kilomita 65 hivi magharibi mwa Austin, na Johnson City iko umbali wa kama kilomita 14. Ilikuwa ranchi kabla ya serikali ya jimbo kuinunua, na ina zaidi ya hekta 2,000 zenye vijito vinavyoshuka mtoni. (Wenyeji hulitamka jina kama “Perdenales”, herufi r ikiruka mbele. Ukilisoma lilivyoandikwa watajua wewe ni mgeni, lakini hawatakuonea.) Hapa ndege huyu anazaliana, njia za miguu zinapita katikati ya makazi yake, na mtu anayejipanga vizuri anaweza kumwona kabla ya saa nne asubuhi.

Tarehe kwanza

Kosa linalowarudisha watu wengi mikono mitupu ni kwenda likizo ya watoto mwezi wa Juni. Joto limekuwa kali, madume wamepunguza kuimba, familia zimetawanyika msituni, majani yameziba kila kitu. Mwanzoni mwa Agosti wameshaondoka karibu wote.

Madume huanza kufika wiki ya pili ya Machi, majike siku chache baadaye. Kipindi kizuri kuliko vyote ni kuanzia tarehe 20 Machi hadi karibu tarehe 25 Aprili. Wakati huo dume anagombea eneo lake na anaimba asubuhi nzima, na mialoni ndiyo kwanza inachipua, hivyo bado unaona katikati ya matawi. Viwavi wanaokula machipukizi hayo ndio chakula chake, kwa hiyo anashinda kwenye vilele vya mialoni mbele ya macho yako. Kila wiki inayopita baada ya hapo majani yanazidi kufunga pazia. Wiki ya kwanza ya Mei bado inafaa. Baada ya hapo utamsikia mara kumi umwone mara moja.

Epuka wiki ya mapumziko ya shule katikati ya Machi na Jumamosi zote za jua. Hifadhi ina kikomo cha wageni kwa siku, na ikijaa lango linafungwa hata kama umetoka Houston usiku wa manane. Kata kibali cha siku mapema kwenye mfumo wa hifadhi za Texas mtandaoni. Jumanne au Jumatano ni tulivu: hakuna spika za muziki, hakuna watoto wanaokimbilia kuogelea.

Kisha angalia saa ya lango kufunguliwa ulinganishe na macheo. Mwishoni mwa Machi jua huchomoza karibu saa 1:25 asubuhi (simu yako itaandika 7:25), katikati ya Aprili karibu saa 1, na mwishoni mwa Aprili kama saa 12:50. Saa mbili za mwanzo baada ya macheo ndizo zenye thamani. Ukitaka kuzipata zote bila kusubiri lango, lala kambini humo humo. Nafasi za kambi kwa Machi na Aprili hukatwa miezi kabla.

Sauti na sura, ujifunze nyumbani

Ndege huyu hutafutwa kwa masikio. Anayekuja bila kuijua sauti atapita chini ya madume watatu bila kuinua kichwa.

Pakua programu ya Merlin, ya maabara ya ndege ya Cornell, pamoja na fungu la ndege linalojumuisha Texas, ukiwa bado na intaneti nzuri, kwani makorongoni mtandao unayumba. Msikilize mashavu-dhahabu mara ishirini kwa siku kwa wiki nzima. Wimbo wake una mkwaruzo, kama mdudu aliyenaswa kati ya karatasi na kioo: *bzzz… zuu-zii-dzii-zii*, sekunde mbili hivi, ukipanda kidogo mwishoni. Si filimbi safi. Akiwa na wasiwasi au akila anatoa *tsip* fupi, kavu, tena na tena.

Sauti tatu zitakudanganya. Ya kwanza ni ya binamu yake mpita njia, Black-throated Green Warbler, anayepitia Texas Aprili na Mei akielekea kaskazini: *dzi-dzi-dzi-dzu-dzi*, mkwaruzo ule ule lakini noti zimekatwa wazi moja moja. Ya pili ni ya ndege mwenye mistari myeusi na myeupe anayetambaa kwenye magome, Black-and-white Warbler, ambaye wimbo wake ni mwembamba kama gurudumu la baiskeli lisilo na mafuta. Ya tatu ni ya Bewick’s Wren, mwimbaji mwenye nyimbo nyingi kiasi kwamba ukiwa na shaka ujue pengine ni yeye. Wren huyo hukaa chini, kwenye marundo ya matawi makavu. Sauti ikitoka usawa wa goti, endelea na safari.

Kwa sura, anza na mgongo. Dume wa mashavu-dhahabu ana mgongo mweusi, utosi mweusi na koo jeusi. Shavu ni la njano kali, na mstari mwembamba mweusi unapita katikati ya jicho na kulikata shavu hilo. Tumbo ni jeupe, ubavuni kuna michirizi myeusi, kila bawa lina vipande viwili vyeupe. Yule mpita njia ana mgongo na utosi wa kijani, shavu lenye doa la kijani lililofifia badala ya mstari, na umanjano kidogo chini ya mkia. Usikimbilie kutazama shavu: wote wawili wanalo la njano, na hapo ndipo watu wanapoandika “nimemwona” kumbe wamemwona binamu.

Jike ana mgongo wa kijani wenye michirizi ya giza na koo lisilo jeusi kamili. Kama si mzoefu, mtambue kwa ule mstari wa jicho na kwa tumbo jeupe lisilo na njano.

Vya kubeba

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele za milimita 42) ndiyo sahihi. Ya 10x inakuza zaidi lakini mtetemo wa mikono unaongezeka na uwanja wa kuona unapungua, na ndege huyu hatulii tawi moja zaidi ya sekunde chache. Hakikisha inaweza kulenga kitu kilicho mita 2 au 3 tu, maana mara nyingine atashuka mpaka usoni pako. Kwa kamera, lenzi ya milimita 400 inatosha.

Maji lita 2 kwa asubuhi ya Machi, lita 3 kuanzia katikati ya Aprili. Viatu vinavyofunika kifundo, suruali ndefu, soksi ndefu, kofia. Dawa ya wadudu ipakwe zaidi kwenye soksi na pindo za suruali kuliko mikononi, kwa sababu kupe na vile vidudu vyekundu wanavyoviita chiggers hupanda kutoka kwenye nyasi. Mwenye mzio abebe vidonge vyake: chavua ya mitarakwa ya Desemba hadi Februari imeisha kufikia hapo, lakini ya mialoni ndiyo inamwagika kama unga wa njano juu ya magari, na mtu anayepiga chafya hasikii ndege.

Nguo za kaki au kijani. Nyeupe iache nyumbani.

Usitafute ndege, tafuta gome

Hapa ndipo siri ilipo. Kiota cha mashavu-dhahabu kinajengwa kwa nyuzi ndefu za gome la mti mmoja tu, Juniperus ashei, zilizoshonwa kwa utando wa buibui. Watu wa Texas huuita sida, lakini ni ndugu wa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, ule ambao Tanzania wengi huuita mwangati, na kama kule, huku nako mbao zake zimefanyiwa nguzo za ua miaka nenda miaka rudi. Mtarakwa mchanga wa Texas una gome lililoshikamana. Ukizeeka, gome linaanza kujichambua lenyewe, linaning’inia kwa nyuzi za kijivu, pana kama utambi wa taa, ambazo upepo unazipeperusha. Huo ndio mti anaoutaka jike. Bila miti mizee hakuna kiota, na mti unaokatwa leo haupati badala yake kwa miongo.

Lakini gome pekee halitoshi: chakula kiko kwenye mialoni. Kwa hiyo unasoma msitu hivi:

1. Tafuta mteremko au korongo, si uwanda wa wazi wenye nyasi.
2. Hakikisha mitarakwa ni mirefu kukuzidi mara mbili au zaidi, yenye gome linaloning’inia.
3. Katikati yake pawe na mialoni ya majani mapana, na vilele vya miti vikaribiane.
4. Ukikuta mitarakwa mitupu, mifupi na iliyosongamana kama ukuta, pita haraka. Watu hupoteza saa nzima hapo kwa sababu wamesikia kwamba “anapenda sida”.

Njia ya Wolf Mountain ndiyo ya kwanza kujaribu. Ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 9, lakini huna haja ya kuumaliza. Sehemu zinazokata vijito vya Bee, Mescal na Tobacco zina kile kile tulichokieleza. Mwenye magoti mabovu au watoto wadogo achukue njia fupi ya Twin Falls, chini ya kilomita 1, inayoanzia eneo la kambi na kuishia juu ya maungano ya vijito viwili. Maporomoko makubwa yenyewe ni mazuri, maji yakiteremka ngazi kwa ngazi juu ya mawe yaliyolala kama vitanda, ila ni eneo la mawe matupu na kelele za maji. Yatazame mchana.

Kumpata msituni

Tembea hatua 50, simama dakika 5. Usimame kweli: mkoba usikwaruze, changarawe isilie. Dume huimba, hunyamaza dakika mbili tatu akila, kisha huimba tena akiwa kwenye mti mwingine, kwa hiyo anayesimama nusu dakika humkosa katikati ya nyimbo mbili. Kwenye makazi mazuri eneo la dume mmoja huwa hekta chache tu, kwa hiyo ukimkosa hapa, mwenzake hayuko mbali.

Ukimsikia, usikimbilie sauti. Weka viganja nyuma ya masikio ugeuze kichwa polepole mpaka sauti iwe kali sawa pande zote mbili. Huo ndio uelekeo. Sogea hatua 15 pembeni ukibaki kwenye njia, ufanye tena. Pale mielekeo miwili inapokutana ndipo alipo. Korongoni sauti hugonga ukuta wa mawe ikarudi, na uelekeo wa kwanza mara nyingi ni wa uongo, ndiyo maana unapima mara mbili.

Sasa jipange jua liwe mgongoni mwako. Ukitazama kuelekea jua utaona kivuli cheusi tu, na kivuli cheusi hakina shavu. Tazama kwa macho matupu theluthi ya juu ya miti, utafute kitu kinachotikisika pasipo upepo. Ukimwona, macho yasibanduke kwake. Darubini ndiyo ije machoni. Anayeshusha macho kuitafuta darubini kifuani amekwisha kumpoteza.

Dume akiimba hurudisha kichwa nyuma, mdomo unapanuka, na lile koo jeusi linatetemeka mpaka manyoya ya kifuani yanasimama. Akiwa kwenye tawi lisilo na majani utaliona hilo bila shida kutoka mita 20. Hapo hapo soma mgongo, jicho, ubavu, chini ya mkia, kwa mpangilio huo. Sekunde nne zinatosha kama umezoea mpangilio.

Dakika 20 bila sauti kwenye msitu mzuri? Angalia upepo kwanza. Ukivuma kiasi cha kutikisa matawi yote, shuka chini korongoni ambako ni shwari. Baada ya mvua ya usiku, au baridi ya ghafla iletwayo na upepo wa kaskazini, huchelewa kuimba mpaka jua lipashe vilele. Subiri, usibadilishe njia. Wasikilize pia ndege wengine: kundi la Black-crested Titmouse, wenye kishungi cheusi, wakipita wakilalamika, mara nyingi mashavu-dhahabu anafuatana nao akila kimya.

Yasiyofanywa

Usimchezee sauti yake kwa simu. Dume akisikia wimbo wa “mgeni” anaacha kula na kulinda jike, anakuja kupigana na spika yako. Wageni kumi kwa asubuhi, kila mmoja na simu yake, na siku yake ya kulisha imekwisha. Zaidi ya hapo, sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini inahesabu kumsumbua kuwa kosa, si kumuua tu. Merlin iwe ya kusikiliza. Ukitaka kulinganisha, vaa vipokea sauti vya masikioni.

Ukimwona jike amebeba uzi wa gome mdomoni, au mzazi amebeba kiwavi bila kummeza, kiota kiko karibu. Geuka uondoke kama mita 30. Usimfuate. Ukibaki, atazunguka na mzigo wake akiogopa kukuonyesha, na wako wanaotazama: kunguru-samawati, nyoka, na ndege anayeitwa Brown-headed Cowbird, ambaye hajengi kiota bali hutaga kwenye cha mwenziwe akalelewa mtoto. Kwa sababu ya huyo wa mwisho, maeneo kadhaa ya Hill Country, yaani vilima hivi vya Texas ya kati, huwekwa matundu makubwa ya waya ya kumnasa. Ukiyakuta yamejaa ndege, usiyafungue kwa huruma. Imewahi kufanywa na watu wema, na hasara inaangukia viota.

Usitoke njiani, hata kwa picha. Usivunje matawi ya mwaloni, hasa Februari hadi Juni: jeraha jipya humkaribisha mende mdogo anayebeba kuvu inayokausha mialoni, na kuvu hiyo imeshaua miti mingi sana Texas ya kati. Kwa sababu hiyo hiyo usije na kuni za mwaloni kutoka nyumbani.

Mto

Pedernales ni mtulivu mpaka unapoacha kuwa mtulivu. Unatoka magharibi, unapita Fredericksburg na Johnson City, na mvua inayonyesha huko inakufikia wewe uliye chini ya anga la buluu. Maji yanaweza kugeuka kutoka kijito cha kuvuka kwa mawe kuwa gharika kwa dakika chache. Kabla ya kuondoka angalia utabiri wa mvua wa juu ya mto, si wa hifadhini tu. Ukiona maji yanabadilika rangi, yanabeba majani na vijiti, au mwamba uliokuwa mkavu umelowa, panda juu papo hapo bila kusubiri king’ora wala kurudi kuchukua viatu. Njiani, usiendeshe gari kwenye kivuko kilichofunikwa na maji hata kama unaona lami chini yake.

Kuhusu nyoka mwenye njuga mkiani: yumo. Tazama unapokanyaga na usitie mkono nyuma ya jiwe usilouona upande wake wa pili. Vichaka vya majani matatu matatu kando ya maji ni sumu ya ngozi.

Baada ya saa tano

Nyimbo zinapungua, nawe nenda kwenye kibanda cha kutazamia ndege kilicho karibu na kambi. Kuna viti, vyano vya nafaka na maji yanayodondoka. Mashavu-dhahabu hali nafaka, anakula wadudu na buibui, lakini siku za joto hushuka kunywa na kuoga, kwa hiyo kodolea maji, siyo nafaka. Kuanzia wiki za mwisho za Aprili pia utamwona Painted Bunting, dume mwenye kichwa cha buluu, kifua chekundu na mgongo wa kijani, kana kwamba mtoto amepewa kalamu zote.

Mwingine anayetafutwa Hill Country ni Black-capped Vireo, mwenye kichwa cheusi, miwani nyeupe na macho mekundu. Alitiwa kwenye orodha mwaka 1987 akatolewa mwaka 2018. Usimtafute msituni, yeye hukaa kwenye vichaka vifupi vilivyosongamana mpaka chini, na hifadhi ya South Llano River, magharibi zaidi, inakupa nafasi nzuri.

Uandike ulichoona siku hiyo hiyo, kwenye eBird (hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege) au daftari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, umbali uliotembea, idadi ya madume uliowasikia na uliowaona, kila kundi peke yake. Aliyesikika tu aandikwe kasikika. Ukikuta kiota, mahali pake pasiingie kwenye maelezo wala kwenye picha. Simu nyingi hubandika mahali picha ilipopigwa bila kukuuliza, kwa hiyo zima kipengele hicho kabla ya kupandisha chochote. Kisha kabla ya kuingia garini kunja soksi, pitisha mkono nyuma ya magoti na kiunoni ukitafuta kupe, na uoge maji ya moto jioni.